Pozishona ya hewa tupu, ya umeme na hewa, au ya kidijitali: ipi inaifaa valvu yako?

Valvu ya kudhibiti ikianza kuyumba, wa kwanza kulaumiwa ni pozishona, kile kifaa kilichofungwa juu yake kuielekeza. Fundi anafungua kifuniko, anazungusha skrubu mbili tatu, valvu inatulia siku mbili, kisha yanarudi yale yale. Haupiti mwezi kabla mtu hajaandika oda ya pozishona mpya, na swali linakuja mezani: tununue ya hewa tupu kama iliyopo, ya umeme na hewa, au ya kidijitali?

Nimefunga zote tatu na nimezing'oa zote tatu. Naona vitu vitatu ndivyo vinavyoamua, na vyote vinakaa nje ya katalogi: hewa inayofika kwenye valvu, hali ya valvu yenyewe, na fundi atakayeishika baada yako.

Kazi ya pozishona ni moja kwa aina zote. Inapokea amri kutoka kwa kontrola, inatazama shina la valvu limefika wapi, kisha inaongeza au kupunguza hewa ya akchueta, yaani chombo kinachosukuma shina, mpaka shina lifike lilipoagizwa. Bila pozishona, shina linasogea kadiri msuguano wa pakingi (vizibo vinavyolizunguka shina lisivujishe) na msukumo wa kinachopita ndani ya bomba utakavyoruhusu. Zinapotofautiana ni kwenye njia ambayo amri inapitia, namna mahali pa shina panavyosomwa, na namna wewe unavyoingiza mkono kurekebisha.

Ya hewa tupu

Amri yake ni presha, 3 hadi 15 psi, ambayo ni karibu 0.2 hadi 1.0 bar. Presha hiyo inaingia kwenye mvukuto mdogo wa chuma, mvukuto unasukuma mtambo wa mizani, na mizani inasogeza kibao kidogo mbele ya nozeli, tundu dogo linalopuliza hewa. Kibao kikiikaribia nozeli, presha ya nyuma yake inapanda na rilei, yaani kikuza hewa, inapeleka hewa zaidi kwenye akchueta. Shina linasogea, mkono wa mrejesho unazungusha kamu, na kamu inavuta springi inayoirudisha mizani sawa. Ukiwa na subira ya kuitazama dakika tano ikifanya kazi huku kifuniko kikiwa wazi, utakuwa umeelewa pozishona zote za aina hii.

Hilo ndilo linalonifanya niiheshimu. Haina siri. Ina geji tatu: hewa inayoingia, amri, na hewa inayokwenda kwenye akchueta. Kosa lake utaliona kwa macho au utalisikia likipuliza. Haina umeme, kwa hiyo penye gesi inayoweza kulipuka huhitaji kizuizi cha cheche wala kebo maalumu. Baadhi zina swichi ya kuiruka: ukiigeuza, amri inakwenda moja kwa moja kwenye diaframu, na valvu inaendelea kufanya kazi wakati unaifungua pozishona usiku wa manane. Lakini tahadhari. Swichi hiyo inafaa tu ikiwa springi ya akchueta ni ya 3 hadi 15 psi, pozishona haigeuzi mwelekeo wa amri, na amri haijagawanywa kati ya valvu mbili. Springi ya 6 hadi 30 psi ukiipa 15 psi haifiki hata nusu ya mwendo. Nimewahi kuona mtu akiigeuza swichi kwenye valvu ya namna hiyo, halafu akashangaa kwa nini tangi haliachi kushuka.

Kasoro zake ni za kimaumbile. Amri inasafiri kwenye kibomba, na kibomba kikiwa kirefu valvu inachelewa kuisikia. Nozeli inavuja hewa kila dakika ya maisha yake, hata valvu ikiwa imetulia. Kwenye valvu moja si kitu, kwenye mia mbili kompresa inalisikia deni. Viungo vyake vinalegea mahali penye mtikisiko. Na sifuri (mwanzo wa mwendo) na upeo (mwisho wake) vinaingiliana: ukigusa kimoja, kingine kinahama.

Ya umeme na hewa

Hapa amri ni mkondo wa 4 hadi 20 mA. Mkondo unapita kwenye koili iliyo ndani ya sumaku, koili inasogeza kibao mbele ya nozeli, na kuanzia hapo mashine inayobaki ni ile ile ya mizani, kamu na springi. Kwa ufupi, ni pozishona ya hewa iliyoongezewa kigeuzi cha umeme.

Inaondoa kuchelewa kwa kibomba, na hilo ni jambo kubwa. Ila kasoro nyingine zote imezirithi, ikaongeza ya kwake: nozeli ya kigeuzi ina tundu dogo sana, na ukungu wa mafuta kutoka kwenye kompresa unaliziba polepole. Dalili yake ni valvu inayohamahama sifuri bila sababu, leo asilimia mbili, wiki ijayo tano. Kwa ufungaji mpya sioni tena hoja ya kuinunua. Ninayo sababu moja tu ya kuiweka kwenye orodha: tayari unazo nyingi za muundo huo, una vipuri vyake, na mafundi wako wanazijua kwa mkono.

Ya kidijitali

Hii nayo inapokea 4 hadi 20 mA, lakini mizani imegeuka hesabu. Kihisi kinasoma mahali pa shina, kichakataji kinalinganisha na amri, kisha kinaamuru hewa. Baadhi zinatumia kigeuzi cha nozeli, nyingine, kama SIPART PS2 ya Siemens, zinatumia valvu ndogo za piezo ambazo valvu ikitulia karibu hazitumii hewa kabisa. Kuhusu kusoma shina, zipo zenye mkono na pini kama za zamani, na zipo zisizogusana na shina kabisa: DVC6200 ya Fisher inasoma sumaku iliyofungwa kwenye shina. Penye mtikisiko mkubwa, kukosekana kwa kiungo cha kulegea ni faida ya kweli, ila kumbuka kwamba sumaku isiguswe na kitu wala kuhama kutoka kwenye nafasi yake.

Jambo moja huwashika wengi wanapobadilisha ya zamani kwa ya kidijitali, na kosa linaonekana kama ubovu wa pozishona. Kichakataji kinaishi kwa mkondo ule ule wa amri. Ukishuka chini ya kiasi cha 3.6 hadi 3.8 mA kinazima. Pia kinahitaji volti za kutosha kwenye vituo vyake, kwa nyingi karibu volti 9 au 10. Sasa piga hesabu. Kadi ya zamani ya kontrola inayoweza kusukuma 20 mA kwenye omu 600 tu ina volti 12 za kutoa. Kizuizi cha cheche cha omu 300 kinakula volti 6, kebo ya omu 50 inakula moja. Zinabaki 5. Pozishona ya zamani yenye koili ya omu mia mbili na kidogo iliridhika na hizo. Ya kidijitali itawaka, itazima, itawaka tena, na utairudisha kwa muuzaji ikiwa nzima. Kabla ya kununua, pima kadi. Na ukiijaribu mezani tumia kifaa cha kutoa mkondo. Kuiunganisha moja kwa moja na volti 24 kunaweza kuiunguza.

Kama utazungumza nayo kwa HART, mawasiliano ya kidijitali yanayopita kwenye waya ule ule wa amri, mzunguko unahitaji pia ukinzani wa karibu omu 250 mahali unapounganisha kifaa chako cha mkononi, na kadi au kichujio kiruhusu mawimbi ya HART yapite.

Kuifunga: pale ambapo zote zinafanana

Kosa la ufungaji ninalokutana nalo zaidi ni la mkono wa mrejesho, na halichagui aina. Valvu ikiwa katikati ya mwendo, yaani 9 psi au 12 mA, mkono lazima uwe pembe mraba na shina. Ukiufunga valvu ikiwa imefungwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku ile, utapata mwendo unaopinda: mwanzo sawa, mwisho sawa, katikati hapana. Kwenye ya hewa tupu utaligundua ukipima robo, nusu na robo tatu. Kwenye ya kidijitali lina hatari zaidi, kwani kalibrasheni ya kujiendesha inaweza kukubali bila kulalamika, ikabaki na usahihi mbovu upande mmoja. Pini iingie kwenye tundu linalolingana na urefu wa mwendo wa valvu yako, na kijispringi cha pini kiwe kinaibana upande mmoja wa mfuo ili kusiwe na mchezo. Mchezo wa milimita moja kwenye valvu ya mwendo wa milimita 20 ni asilimia tano, na hakuna skrubu itakayoiondoa.

Valvu ikiwa na nira (fremu inayobeba akchueta) iliyotobolewa kwa kiwango cha IEC 60534-6-1, au ya kuzunguka yenye uso wa VDI/VDE 3845, bano la chapa moja litakubali pozishona ya chapa nyingine. Angalia hilo mapema. Bano la kuchomelea kienyeji ndilo chanzo cha mikono iliyopinda.

Hewa nayo haina mjadala. Kiwango cha ISA-7.0.01 kinataka chembe zisizidi mikromita 40, mafuta yasizidi sehemu moja kwa milioni, na kiwango cha umande (joto ambalo unyevu ulio ndani ya hewa huanza kugeuka maji) kiwe angalau nyuzi 10 za Selsiasi chini ya baridi kali kuliko zote inayofika kwenye mabomba hayo. Ya hewa tupu itavumilia ukikosea kidogo. Ya kidijitali haitavumilia, na watengenezaji wake wengi huomba filta ya mikromita 5 mbele yake. Kwa hiyo fungua kwanza bomba la filta chini ya valvu yako. Likitoka maji au mafuta meusi, fedha ya pozishona mpya ipeleke kwanza kwenye kikaushio.

Kabla ya kuunganisha, puliza bomba lililo wazi dakika nzima. Ukitumia utepe wa nyuzi za skrubu, acha nyuzi mbili za mwanzo bila utepe. Niliwahi kuhangaika siku nzima na pozishona mpya iliyokataa kupeleka hewa. Ndani ya rilei kulikuwa na uzi mweupe wa utepe, mrefu kama ukucha, na niliuweka mimi. Tundu la kutolea hewa litazame chini, na usiliache limeziba kwa kifuniko cha plastiki cha usafirishaji. Presha ya regyuleta iwekwe juu kidogo ya ile ya springi: karibu 20 psi kwa springi ya 3 hadi 15, karibu 35 kwa springi ya 6 hadi 30.

Kuirekebisha: pale zinapoachana

Ya hewa tupu na ya umeme na hewa zinafuata njia moja. Peleka amri ya chini, weka sifuri. Peleka amri ya juu, weka upeo. Rudi chini, sifuri imehama, irekebishe. Rudi juu. Mizunguko mitatu au minne inatosha; ikifika sita bila kutulia, mkono umekaa vibaya au umeshika kamu isiyo yako. Kisha pima pointi tano, 3, 6, 9, 12 na 15 psi, au 4, 8, 12, 16 na 20 mA, kwenda juu na kurudi chini.

Kuna mtego kwenye sifuri ya valvu inayofunguliwa na hewa. Kizibo kikishakaa kwenye kiti, shina haliwezi kushuka zaidi, kwa hiyo ukizungusha skrubu huoni tofauti yoyote kwenye kipimo cha mwendo wa shina. Usitazame shina, tazama geji ya hewa inayokwenda kwenye akchueta. Kwenye amri ya chini isome sifuri kabisa, na valvu ianze kunyanyuka amri ikizidi kidogo tu 3 psi. Geji ikibaki na presha, springi haijaachiwa nguvu zake zote na valvu itavuja ikiwa imefungwa. Viti vingi vimekwaruzwa na mvuke kwa sababu ya skrubu hii moja.

Ya kidijitali unabonyeza kitufe. Inaifungua valvu yote, inaifunga yote, inarudia, inapima kasi na inajichagulia nguvu ya kusahihisha. Dakika chache na imekwisha. Hapo ndipo inawashinda wenzake bila ubishi: fundi mpya ataweka sifuri na upeo sawasawa na fundi wa miaka ishirini. Lakini valvu itatembea mwendo mzima, na haitakuuliza kama kuna kitu ndani ya bomba. Pitisha mtiririko kwenye njia ya pembeni, tenga valvu, mwambie mtu wa chumba cha kudhibiti, ndipo ubonyeze. Halafu rudi siku valvu ikiwa kwenye joto lake la kazi. Nguvu iliyochaguliwa valvu ikiwa baridi na kavu mara nyingi huwa kali kwa akchueta ndogo ikishapata moto, na utaona shina likitetemeka. Shusha daraja moja. Washa pia kipengele cha kufunga kabisa, kinachoachia hewa yote amri ikishuka chini ya asilimia moja hivi, kwa sababu ile ile ya kiti.

Kuna jambo ambalo hakuna hata moja kati ya hizi tatu inaloweza kuliponya, nalo ni valvu inayonata. Pakingi imekazwa kupita kiasi au imekauka, shina linagoma, presha inajikusanya, kisha linaruka. Pozishona ya kidijitali italificha kwa muda kwa kusukuma kwa nguvu zaidi, kisha itaanza kwenda na kurudi bila kukoma. Kwa hiyo kabla ya kuandika oda, pima msuguano, na huhitaji kompyuta. Ifikishe valvu nusu ya mwendo ukitokea chini, soma geji ya akchueta. Ifikishe nusu ile ile ukitokea juu, soma tena. Tuseme 0.75 bar na 0.45 bar. Tofauti ni 0.3 bar, kwenye diaframu ya sentimita za mraba 450 hiyo ni nyutoni 1350, na nusu yake, 675, ndiyo nguvu ya msuguano. Ukilinganisha na siku pakingi ilipokuwa mpya utajua tatizo liko wapi. Ya kidijitali inakuchorea hesabu hii kwa mwendo mzima, mistari miwili ya kupanda na kushuka. Kwangu mchoro huo ndio sababu kubwa ya kuilipia, kuliko kitufe cha kujirekebisha.

Kwa hiyo, ipi?

Kontrola yako ikiwa bado inatoa presha, au valvu ikiwa mahali ambapo kuvuta umeme ni hatari na kazi kubwa, baki na ya hewa tupu. Vivyo hivyo ikiwa hewa ni chafu na huna uwezo wa kuisafisha mwaka huu.

Una 4 hadi 20 mA, hewa kavu, na kadi yenye volti za kutosha: nunua ya kidijitali. Kwa valvu za dharura ambazo hukaa wazi miezi bila kusogea, sina hata shaka, kwa kuwa inaweza kuisogeza valvu sehemu ndogo tu ya mwendo na kuthibitisha haijaganda bila kusimamisha kazi. Penye joto kali au mtikisiko, chukua muundo ambao kihisi pekee kinabaki kwenye valvu, na sanduku la elektroniki linafungwa pembeni.

Usitegemee yoyote ikuamulie valvu itakwenda wapi hewa ikikatika kwenye akchueta ya springi. Hiyo ni kazi ya springi. Ila umeme ukikatika hewa ikiwepo, uliza. Nyingi za kidijitali huachia hewa na kuiacha springi ifanye kazi, lakini zipo zinazoganda pale zilipo, na msimbo mmoja kwenye oda ndio unaozitofautisha.

Ukishachagua, chagua muundo mmoja kwa kiwanda kizima kadiri inavyowezekana. Ndani ya kifuniko cha kila valvu andika kwa kalamu isiyofutika tundu la pini, presha ya regyuleta, na zile namba mbili za geji ulizosoma katikati ya mwendo, pamoja na tarehe.